Saa ya Seva

Tarehe 30 Juni 2015 nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye ofisi ya shamba moja la mkonge nje ya mji wa Tanga, laptopu mapajani. Kupitia dirishani niliwaona wakata mkonge wamejaa chini ya mwembe. Siku ya malipo. Mama mhasibu alikuwa na bahasha tupu mezani na pesa kwenye sanduku la chuma, lakini hesabu ya nani alipwe kiasi gani ilikuwa kwenye folda ya pamoja ndani ya seva, kompyuta kuu ya ofisi, na seva haimfungulii mtu.

Umeme ulikatika jana yake mchana. UPS, betri ya akiba ya umeme, ikahimili kidogo, ikaisha, seva ikalala imezimwa usiku kucha. Saa mbili asubuhi umeme uliporudi wakaiwasha, na kuanzia hapo kila aliyeandika nywila yake alikataliwa.

"Mwanangu, hii nywila naiandika kila siku mwaka wa pili huu," mama akaniambia. "Siwezi kuikosea."

Nilimwamini. Lakini niliamini pia kwamba kosa liko kwenye Samba, programu ya kugawa mafaili kwenye mtandao wa ofisi, kwa kuwa ndiyo iliyobeba vyote viwili, saraka (orodha) ya watumiaji na mafaili yao. Nilipoiuliza saraka ilinitajia majina yote, hadi la mlinzi. Poti 445, mlango wa Samba kwenye mtandao, ilikuwa wazi. Ruhusa za folda ni zilezile. Basi nikaanza kuchokonoa smb.conf, faili la mipangilio ya Samba: nabadilisha mstari, naristati, najaribu, nakataliwa. Kuna watu pale walitoka kambini alfajiri bila kutia kitu kinywani, na kila nilipoinua macho niliona mmoja wao anaangalia dirisha letu.

Saa tano kasoro dakika ishirini niliorodhesha mafaili ili nirudishe lile la mwanzo nililokuwa nimelihifadhi pembeni. Mengine yote yalikuwa na mwaka, 2014 au 2015. Lile nililotoka kulihariri halikuwa na mwaka. Liliandikwa Januari 1, saa 02:40.

Januari? Nje ni Juni, kipupwe.

Nikaandika date, amri ya kuuliza tarehe. Seva ilikuwa inaishi mwaka 2009. Ile 02:40 ilikuwa ni muda tangu iwashwe asubuhi, imeanza kuhesabu upya kutoka saa sita ya usiku. Kibetri cha kwenye ubao wake, kile cha duara cha CR2032 kinachotunza saa umeme usipokuwepo, kilikuwa kimekufa, na hakuna aliyejua kwa sababu seva haikuwahi kuzimwa usiku mzima.

Kumbe nywila ya mama haikuwa na kosa lolote. Anayezikagua ndani ya Samba ni Kerberos, mfumo uliobuniwa chuo cha MIT kule Marekani, na Kerberos hutoa tiketi zenye muda juu yake, ili mwizi akiidaka moja asije kuitumia baadaye. Kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 kati ya mashine na mashine. Sisi tulikuwa na miaka sita. Nilipojaribu kinit, amri ya kuomba tiketi ya Kerberos, kwenye kompyuta ya mama, iliniambia wazi kwamba saa zimepishana mno. Ningeijaribu mapema ningeyaona hayo saa mbili na nusu.

Na liko kosa langu mwenyewe, ambalo bado linaniuma. Programu ya ntpd, inayorekebisha saa kutoka kwenye mtandao, ikikuta tofauti inazidi sekunde 1,000 hujizima, isipokuwa imewashwa na alama ya -g. Nilipoiandaa seva ile niliifuta alama hiyo, nikidhani haina kazi.

Nikasoma saa kwenye simu yangu, nikaiweka kwa mkono, nikaristati Samba. Nikairudisha -g. Betri mpya niliinunua jioni yake Ngamiani kwa fundi saa.

"Mama, jaribu tena."

Akasema bismillahi, akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Folda ikafunguka, orodha ya Juni juu kabisa. Hakuniambia kitu. Alivuta kiti, akavaa miwani, akasogea dirishani na kuita jina la kwanza.