Toko Shinoda na wino wake mweusi

Siku hizi naangalia kazi za Toko Shinoda tu, yule mama wa Kijapani aliyekuwa anachora kwa wino, na naona nisipoandika sitatulia. Alizaliwa 1913, akafariki Machi 2021 akiwa na miaka 107, na karibu maisha yote hayo brashi iko mkononi, maana alianza kufundishwa kaligrafia, yaani sanaa ya kuandika herufi kwa brashi, na baba yake akiwa na miaka sita.

Ukiziona mara ya kwanza unaweza kusema ah, mistari mitatu minne tu, kuna nini hapa. Kaa nayo kwanza. Kuna mstari mweusi mpana umeshuka toka juu, pembeni yake mwingine wa kijivu umefifia mpaka unakaribia kuisha, halafu kamoja kembamba sana kanakatiza, basi, kwengine kote kweupe. Na ule weupe haujabaki tu wenyewe, ameuacha makusudi, yaani kale kembamba ukikasogeza kidogo tu kulia picha nzima inalala. Hapo ndo ananimaliza.

Na wino wenyewe hautaki mchezo. Sumi ni masizi yaliyochanganywa na gundi yakakaushwa yakawa kijiti, unakisugua kwenye jiwe na maji, taratibu, mpaka upate weusi unaoutaka, maji yakizidi unapata kijivu. Ukishagusa karatasi ndo imetoka hiyo, hakuna kufuta wala kupaka juu yake kama wanavyofanya wa rangi za mafuta. Kwa hiyo kila kitu unakiona, pale mkono ulipopunguza mwendo, pale wino ulipoanza kuisha nywele za brashi zikaachana.

Herufi ya mto kwa Kijapani ni mistari mitatu ya wima, na yeye toka utotoni alikuwa anajiuliza kwa nini iwe mitatu tu, kwa nini asichore mingi zaidi. Kanuni za kaligrafia haziruhusu hivyo. Alipofanya maonyesho yake ya kwanza Tokyo, 1940, wakosoaji wakasema kazi yake haina mizizi. Ikaja vita, akaugua kifua kikuu, na baada ya vita ndo akaziacha herufi akaenda kwenye maumbo matupu.

Hii naisema kwa sababu kuna watu wanamwona kama tawi la wale wachoraji wa New York, kina Rothko na Pollock. Mi sikubali. Alienda Marekani 1956 akiwa tayari ana njia yake, akapokelewa vizuri tu, baadaye akawa anaonyesha kwa Betty Parsons, mwenye ukumbi wa sanaa New York aliyewahi kuwaonyesha hao kina Rothko na Pollock, lakini 1958 alisharudi Japani. Na sababu mojawapo naipenda sana: hewa ya New York ilikuwa kavu mno, wino unakauka haraka, hautembei kwenye karatasi anavyotaka. Sie wa pwani tunajua unyevu kwa kuharibu vitabu na chumvi, kumbe kwa huyu mama ulikuwa unafanya naye kazi.

Ana kazi kubwa pia, 1974 alifanya ukuta kwenye hekalu la Zojoji pale Tokyo, ila mi napenda zaidi litografi zake, yaani picha za kuchapwa kutoka kwenye bamba, alizokuwa anachapa na fundi wake Kihachi Kimura kwa miongo kadhaa, nyingine zikishatoka mashineni anaongeza mstari kwa mkono kwa hiyo hakuna nakala mbili zinazofanana. Zile zenye rangi ya fedha nyuma na kialama kidogo chekundu ni nzuri mno. Zenye dhahabu hapana, dhahabu inaongea kuliko wino.

Makumbusho ya MoMA ya New York na British Museum ya London wote wana kazi zake, ingia kwenye tovuti zao uzitafute, na usiangalie kwenye simu, tafuta skrini kubwa uzumu mpaka uone mwisho wa mstari.