Kupalizwa kwa Maria na swali la mama mkwe

Tarehe 15 Agosti, sikukuu yetu Wakatoliki ya Maria kupalizwa, yaani kuchukuliwa mbinguni mwili na roho, na hapa Tukuyu ukungu haujaachia tangu alfajiri. Nilirudi kutoka Misa nikamkuta mama mkwe anachambua maharage kwenye ungo. Ukoo wao ni Wamoraviani, kanisa la Kiprotestanti lililofika Rungwe 1891. Mimi nimelelewa kwa Wakatoliki wa Tosamaganga. Akaniuliza bila kuinua macho: "Mwanangu, ni wapi Biblia inasema Maria alichukuliwa na mwili wake?"

Hakuna. Nilimjibu hivyo hivyo.

"Henoko yumo. Eliya yumo, na gari lake la moto. Mama wa Bwana angeachwaje bila kuandikwa?"

Hoja hiyo ina uzito, na sipendi Wakatoliki wenzangu wanavyoipuuza. Hata askofu Epifani wa Salamis, karne ya 4, aliandika kwamba hajui maisha ya Maria yaliishaje. Lakini wanaosema Papa Pius XII alibuni jambo hili 1950 nao wanakosea. Aliloamini Mkristo wa Mashariki karne ya 6 akiiadhimisha sikukuu hii, Papa alilitangaza kuwa fundisho la lazima. Tena hakusema kama Maria alikufa kwanza au la. Alisema tu kwamba alikuwa amemaliza maisha yake ya duniani. Waorthodoksi wao huadhimisha kulala kwake, yaani kufa kwake, na kaburi tupu linaonyeshwa Gethsemane.

Nikamwambia mama kinachonishawishi mimi: Wakristo wa kale waliitunza mifupa ya watakatifu kwa wivu mkubwa, ila hakuna mji uliojivunia mifupa ya Maria.

"Hata kaburi la Musa halijulikani," akasema, akatupa jiwe nje ya ungo.

Kumbukumbu la Torati 34. Sikuwa na jibu, na bado naamini.

Naona Maria mwenyewe siye tunayemgombania. Mama anaujua wimbo wake wa Luka 1 kwa moyo kuliko mimi, na ananiudhi sana mtu akisema Waprotestanti wanamdharau. Tunachobishania ni kama Kanisa lina mamlaka ya kumfunga muumini kwa jambo ambalo Maandiko hayakulitaja. Mimi nasema linayo, kwa sababu hata orodha ya vitabu vya Biblia tumeipokea mkononi mwa Kanisa. Mama anasema kupokea kitabu si sawa na kukiongezea. Ufufuko wa mwili tunaukiri wote wawili. Yeye anauliza kwa nini Maria atangulie kabla ya siku ya mwisho. Jumapili nitamuuliza katekista swali hilo, na nataka anijibu bila kuwasema Wamoraviani.