Besi Iliyokuwa Ikizama Kila Sekunde Mbili

Sabufa za ukumbi ule, spika za sauti nzito, zilikuwa nane, zimepangwa mstari mmoja chini ya jukwaa. Noti ya kwanza ya besi niliyoitengeneza kwa sintesaiza ilipotoka, suruali ilinitetemeka hadi magotini. Ya pili ikatoka kama mtu anayekohoa ndani ya mto. Ya tatu ikarudi na nguvu zake zote, ya nne ikaanza vizuri halafu ikakata roho katikati. Fundi mitambo hakusema kitu. Alizungusha kidole hewani: rudia tangu mwanzo.

Zilikuwa zimebaki saa tatu milango ifunguliwe. Wimbo ulienda mapigo 140 kwa dakika, kwenye noti ya F, besi ikishikilia noti moja kwa baa mbili mbili, yaani mapigo manane. Nilikuwa nimeusikiliza wiki tatu, kwenye spika za mezani na kwenye hedifoni, na besi haikupotea hata siku moja. Ndiyo maana jambo la kwanza nililofanya, kwa aibu nasema, ni kuitilia shaka mitambo ya watu.

Sauti yenyewe ilikuwa Reese, aina ya besi inayonguruma. Jina hilo limetokana na Kevin Saunderson wa Detroit, aliyejiita Reese kwenye rekodi yake ya mwaka 1988, na wengi wanaopika besi nzito huanzia hapo hadi leo. Unachukua osileta mbili (vyanzo vya sauti ndani ya sintesaiza) za wimbi la msumeno, lile lenye meno makali, zote noti ileile, moja unaipandisha kidogo na nyingine unaishusha kidogo. Mimi nilitumia senti 10 juu na senti 10 chini. Senti 100 ni nusu-toni moja, kwa hiyo tofauti ni ndogo sana, lakini ndiyo inayozaa ule mngurumo unaojigeuzageuza bila wewe kugusa kitu. Kisha kwa pupa nikaongeza la kwangu: iliyopanda nikaipeleka yote kushoto, iliyoshuka yote kulia. Kwenye hedifoni ilikuwa pana ajabu.

"Kijana," fundi akaniambia, "weka filta uache kilicho chini ya 60 Hz tu. Halafu bonyeza mono, kushoto na kulia vichanganyike kuwa sauti moja. Usisikilize, tazama mita."

Nikafanya. Mita ikapanda, ikashuka taratibu karibu na sifuri, ikapanda tena. Nikahesabu: sekunde mbili kwenda na kurudi.

Hesabu yake ni ya kitoto ukishaiona. F1, ile F ya chini ya besi yangu, ni 43.65 Hz, yaani mitikisiko 43.65 kwa sekunde. Ukiipandisha senti 10 inakuwa 43.90, ukiishusha senti 10 inakuwa 43.40. Tofauti ni nusu hezi, maana yake kila sekunde mbili mawimbi hayo mawili yanakutana yakisukuma pamoja, na katikati ya safari moja linasukuma wakati lingine linavuta. Hapo yanafutana. Sabufa za ukumbi hazijui kushoto na kulia. Zililishwa mono, kwa hiyo zilipokea matokeo ya ugomvi, wala si pande mbili. Na wakati msingi umefutika, haromoniki ya pili, yaani mwangwi wa juu uliomo ndani ya noti yenyewe, ile ya 87 Hz, ndiyo kwanza inakutana vizuri. Ule ukohozi nilioulalamikia ulikuwa noti yangu mwenyewe, oktava moja juu (masafa mara mbili), bila miguu.

Kwa nini baadhi ya noti zilianza salama? Osileta nilikuwa nimeziacha zijizungukie, haziambiwi zianze upya kila noti inapobonyezwa. Baa mbili kwa mwendo ule ni sekunde 3.43, mzunguko wa ugomvi ni sekunde 2, na namba hizo mbili hazilingani. Noti moja inaanzia kileleni, nyingine shimoni. Mbaya zaidi, mawimbi yalipokutana yaliongeza desibeli 6, limita ya ukumbi, kifaa kinachozuia sauti isizidi kiwango, ikashtuka na kukandamiza kila kitu, ngoma zikiwemo.

Hedifoni haikunionyesha hilo kwa sababu kila sikio lilipewa wimbi lake, na hakuna mahali pa kufutana. Spika za mezani nazo zilinificha kwa njia nyingine, ambayo niliielewa pale fundi aliponiuliza chumba changu kina urefu gani. Mita 4, na kiti kiko katikati. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde; gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba, unapata karibu 43 Hz. Masafa hayo hujazana ukutani na kufa katikati kabisa. Yaani wiki tatu nilikuwa nimeketi ndani ya shimo la noti yenyewe, huku 87 Hz ikinijaa palepale kitini. Nilikuwa nikiongeza besi kila jioni na kujipongeza.

Tiba yangu ya kwanza ilikuwa ya kijinga: nikarudisha osileta zote mbili katikati. Hakikubadilika kitu, kwani kuzitenganisha hakukuwa ugonjwa, kulikuwa kunaficha ugonjwa tu. Nikatulia, nikaigawa besi mara mbili.

Chaneli ya chini niliweka wimbi moja la sini, lile la mviringo lisilo na kona, kwenye F1, katikati, bila kurudufu chochote. Sauti moja kwa wakati, wimbi likianzia sifuri kila noti. Muda wa sauti kuingia milisekunde 4, wa kutoka milisekunde 60. Ukiweka sifuri utasikia "tak" kila mwisho wa noti, kwa sababu wimbi limekatwa likiwa angani.

Reese nikaihamishia juu, upana wake wote ukiwa umebaki, na filta ya kukata chini ya 120 Hz, mteremko wa desibeli 24 kwa oktava. Ikaacha pengo: ile 87 Hz sasa ilikuwa imeshuka zaidi ya desibeli 11. Nikaijaza kutoka chaneli ya chini, wimbi la pili la sini oktava moja juu ya la kwanza, likiwa chini yake kwa desibeli 12. Oktava kamili haigombani na msingi wake; ni mara mbili hasa, haitelezi.

Distosheni, ile athari ya kuikwaruza sauti, ndiyo ilinipotezea dakika ishirini. Niliiweka kwenye Reese baada ya filta nikidhani nimemaliza, lakini mita ya chini ya 60 Hz ikaanza tena kuyumba. Distosheni huzaa tofauti za masafa unayoilisha. Ililishwa 131 na 175 Hz, ikatema 43 na ushei, ikitangatanga juu ya sini yangu safi. Dawa ni filta ya pili, ileile ya 120, baada ya distosheni. Nilijaribu pia kuipitisha kidogo sini yenyewe kwenye distosheni ili isikike kwenye spika ndogo. Ikatoa 131 yake, ikakutana na 131 za Reese, nikaitoa haraka. Spika ndogo zitatosheka na Reese, na sikio litakisia msingi lenyewe.

Mwisho nikaifunga sini kwa kompresa, kifaa kinachoibana sauti, inayosukumwa na ngoma ya mguu ili besi iinamie kila ngoma inapopiga. Nilipoweka muda wa kuiachia sauti milisekunde 15, besi ikakwaruza kama karatasi ya msasa. Mzunguko mmoja wa 43.65 Hz ni milisekunde 23. Kompresa ya haraka kuliko hapo inaanza kulifuata wimbi lenyewe na kulipinda. Kwa milisekunde 120 ikatulia.

Ilikuwa imebaki saa moja. Fundi akashuka kutoka kwenye miksa, akaweka kiganja kwenye wavu wa sabufa ya katikati, akanipa ishara. Noti nane zikapita, zote uzito mmoja, na juu yake ule mngurumo ukijigeuza kama ulivyokuwa nyumbani. Akaondoa mkono.

"Sasa ipo," akasema. "Ishushe desibeli nne, uliipima ukiwa umekaa shimoni."

Nikaishusha tano.