Nilivyojitolea maktaba nikiwa mwanafunzi wa skuli

Mkutubi wa maktaba ndogo ya mtaani kwetu, hapa Wete, Pemba, hakunikatalia, lakini hakunikubalia pia. "Wanaotaka kusaidia wengi, mwanangu," alinambia. "Wanaorudi wiki ya pili ndio siwaoni."

Nilikwenda nikajipimia muda. Skuli nilikuwa mkondo wa asubuhi, jioni chuo cha Kurani, kwa hiyo nafasi yangu ya kweli ilikuwa Jumamosi asubuhi, basi. Niliporudi sikumwambia tena kuwa nataka kusaidia. Nilimwambia nitakuja kila Jumamosi kurudisha vitabu kwenye rafu. Hapo akanitaka barua yenye sahihi ya baba. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, aliye chini ya miaka 18 bado ni mtoto, na mkutubi hakutaka mzazi aje kumuuliza mwanawe anafanya nini pale.

Kurudisha vitabu huonekana kazi ya kitoto mpaka uishike mwenyewe. Tulifuata namba za Dewey, mpango wa kugawa vitabu kwa mada uliochapishwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876: 200 dini, 500 sayansi, 900 historia na jiografia. Uislamu ni 297, na kwetu hiyo ndiyo rafu iliyovurugika kuliko zote kwa sababu ndiyo iliyosomwa kuliko zote. Mtihani upo baada ya nukta. Kitabu cha 297.122 hukaa kabla ya 297.2, ingawa macho yanaona 122 ni kubwa kuliko 2. Tarakimu hulinganishwa moja moja: moja iko mbele ya mbili, mambo yamekwisha. Kiswahili nacho kimekaa sehemu mbili, lugha 496.392 na fasihi 896.392, na wanafunzi wenye mitihani wakitafuta riwaya kwenye kamusi. Kitabu kikiwekwa pasipo pake, rejista inasema kipo, msomaji anaambiwa kipo, na hakionekani. Ndiyo maana kazi niliyoiona na faida kuliko zote ni ile isiyosifiwa na mtu: kupitia rafu nzima, namba kwa namba, na kurudisha vilivyopotea njia.

Masika nilijifunza kutengeneza. Unyevunyevu wa kwetu huotesha ukungu, kwa hiyo tuliviachia vitabu nafasi ya kupumua, tukavifuta kwa kitambaa kikavu. Ukurasa uliong'oka hupakwa gundi nyeupe kidogo, kisha kitabu hulaliwa na kizito hadi kikauke. Selotepu usiiguse: baada ya muda hugeuka njano na kuacha alama isiyotoka.

Hadithi za watoto sikuzitaka, nilisukumwa. Kumbe ukisema "Paukwa!" tu, wao wenyewe wanakujibu "Pakawa!" kwa kelele za kuezua bati. Kitabu nilikisoma kwa sauti nyumbani kwanza, na kabla ya kufunua ukurasa niliwauliza nini kitafuata. Mtu mzima alikuwepo chumbani kila mara. Hilo ni sharti la kudai, usikubali kuachiwa watoto peke yako. Pesa za faini pia nilikataa kuzishika. Na aliyoazima jirani hayasemwi barazani. Wete mji mdogo, watu wanapenda kujua nani anasoma nini.

Msimu wa karafuu ukifika, wenzangu nusu walikuwa mashambani. Tulipanga zamu mapema, anayekosa anatafuta wa kumshikia.

Barua ya kuthibitisha niliiomba mwenyewe kabla ya kuingia Kidato cha Nne. Iombe wakati mkutubi bado anakumbuka ulichofanya, na mwambie aziandike kazi zenyewe: kupanga rafu, kutengeneza vitabu, kusomea watoto. Rasimu ya kwanza niliyopewa ilisema tu kwamba mimi ni kijana mwenye adabu.