Stika ya mtoto wa mwenzangu
Jamani wazazi wenzangu, jana usiku baridi la Uyole mnalijua, tumekaa jikoni na binti yangu tunaota moto, simu yangu kaishika yeye, naona anacheka peke yake. Nikamwambia hebu lete nione. Kumbe kwenye grupu la WhatsApp la wenzie wa darasa la sita wamemtengenezea mwenzao stika, picha kapigwa na sweta limetoboka kiwiko, kila mtu anairusha na mwanangu kairusha mara mbili. Iliniuma mno.

Sikumchapa maana ningemchapa kesho angenificha. Nikamuuliza tu, mwenzio akiifungua saa hizi yuko na mama yake atajisikiaje? Kimya, halafu machozi. Tukazifuta, tukapiga kwa mama wa yule mtoto, binti akaomba msamaha mwenyewe kwa sauti yake.

Ndo tukaongea sasa, paswedi asimpe mtu hata rafiki, picha ya yunifomu asirushe maana inaonyesha anasoma wapi, na mtu asiyemjua akimwomba picha aje kwangu mbio wala asifute meseji, ule ni ushahidi. Nikamwandikia 116 nyuma ya daftari, ile namba ya bure ya kusaidia watoto. Na WhatsApp wenyewe wanataka miaka 13, yeye ana 12, kwa hiyo kwenye grupu nimemtoa, hapo nilikosea mimi kumruhusu.

Asubuhi kaondoka na sweta lake la pili kwenye begi, anampelekea mwenzie. Sikumtuma.