Ukingo wa Dari: Tafakari ya Wiki Kuhusu Kuanguka Uzeeni

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8, 1 Samweli 4:12-18, Mhubiri 4:9-10

Wapendwa, sheria ya Musa inamtaka ajengaye nyumba mpya azungushie dari yake ukingo, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Dari za wakati ule zilikuwa bapa, na watu walipanda huko kupumzika na kusali. Mungu angeweza kuwaonya tu wanaopanda wawe waangalifu, lakini agizo alimpa mwenye nyumba. Kwa hiyo inauma mzee anapoanguka bafuni na familia ikasema ni uzee tu, au ni kazi ya adui, ilhali sakafu ilikuwa na maji na ukutani hapakuwa na cha kushika.

Takriban mtu 1 kati ya 3 waliopita miaka 65 huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Kuhani Eli alikuwa na miaka 98 alipoanguka kutoka kitini na kuvunjika shingo. Habari ya Sanduku la Mungu kutwaliwa ilimshtua mno, lakini Maandiko yanataja pia macho yake yaliyopofuka, umri wake na uzito wake. Mwili nao ulikuwa na sehemu yake katika kifo kile, na Biblia haioni aibu kusema hivyo.

Tuanzie kitandani. Mtu akisimama, damu huvutwa kuelekea miguuni. Kwa kijana mishipa hujikaza mara moja na damu ikaendelea kufika kichwani. Kwa mzee hukawia, akaona giza na kuyumba. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama, hiyo ni dalili ya kupelekwa kwa daktari. Wengi hupimwa wakiwa wameketi tu, na tatizo halionekani kamwe. Kama mna kipimo nyumbani, mzee alale dakika 5, apimwe, asimame huku mtu yuko kando yake, apimwe tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Akizidiwa na kizunguzungu, mketisheni mara moja. Andikeni namba zote, na mwendapo kliniki mbebe dawa zote anazotumia: za presha, za kuongeza mkojo, za tezi dume, za usingizi, za sonona. Zote hizo zinaweza kuchangia. Msizikatishe wenyewe, daktari ndiye wa kupunguza kipimo au kubadilisha saa ya kumeza.

Wakati huohuo, mzee ajizoeze kuamka kwa hatua. Ajigeuze ubavu, ateremshe miguu, aketi ukingoni mwa kitanda dakika 1 au 2 akipandisha na kushusha nyayo na kukunja ngumi. Kisha asimame akishika kitu imara, na asianze kutembea mpaka kichwa kimetulia. Ibadani ni vivyo hivyo. Anayeongoza maombi ya kupiga magoti asiwaharakishe wazee kusimama mara tu baada ya “Amina”, na mzee anayeomba ameketi asidhaniwe kuwa baridi kiroho. Kuhusu kufunga bila maji: kiu hufifia uzeeni, hivyo mwili hukauka bila mtu kuhisi. Anayetumia dawa za kuongeza mkojo au za kisukari azungumze na daktari kabla ya kufunga.

Nyumbani, tazameni njia ya usiku kutoka kitandani hadi chooni. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea karibu theluthi moja tu ya mwanga unaopokewa na jicho la kijana wa miaka 20. Mwanga unaowatosha ninyi haumtoshi yeye. Ondoeni mikeka inayoteleza na nyaya zinazokatiza njia. Kishikio cha chooni na bafuni kikazwe ukutani kwa skrubu, kibebe uzito wa mtu mzima. Kile cha kutundikia taulo hung'oka. Kandambili zibadilishwe kwa viatu vinavyoshika kisigino. Fimbo inakosewa sana: kimo chake kiishie kwenye kifundo cha mkono, yaani pale kiganja kinapoungana na mkono, mzee akiwa amesimama wima na mikono imening'inia, na aishike upande ulio kinyume na mguu unaouma.

Akishaanguka mara moja, hofu huingia. Mhubiri 12:5 inawataja wazee wanaoogopa vitu vya juu na vitisho vya njiani. Familia kwa upendo humkalisha siku nzima, mapaja yanalegea, na anguko la pili linakuwa karibu zaidi. Afadhali ainuke kitini na kuketi mara 10, kisha ainue visigino mara 10 akishika meza nzito, siku 3 au zaidi kwa wiki.

Na akianguka, msimvute kwa mikono. Kwanza atulie, mmuulize wapi panauma. Mguu ukionekana mfupi na umegeukia nje, au hawezi kuukanyaga, nyonga huenda imevunjika: abaki hapo, afunikwe, msaada uitwe. Kama hana maumivu makali, ajigeuze ubavu, apige magoti, atambae hadi kiti imara, atangulize mguu wenye nguvu, ajisukume na kuketi. Aliyegonga kichwa akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda aende hospitali hata akisema yu mzima. Wengine wote waangaliwe kwa wiki kadhaa, kwa kuwa damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu: usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, kichwa kisichoacha kuuma, udhaifu wa upande mmoja.

Mhubiri 4:10 inamlilia aangukaye akiwa peke yake, asiye na wa kumwinua. Kubaki sakafuni bila kuweza kuinuka kwa zaidi ya saa moja huweza kuharibu misuli na figo. Basi kila kikundi cha maombi kiandike majina ya wazee wake wanaoishi peke yao, na kipange nani atawapigia simu asubuhi na nani jioni. Simu isipopokelewa, mtu aende mlangoni siku hiyohiyo.