Foleni ya Mbwa Njiani Kwenda Seronera

Tuliondoka Bunda alfajiri, mimi na binamu yangu daktari wa mifugo, sanduku la barafu lenye chanjo tumelipakata kama mtoto mchanga. Barabara ya Nata vumbi tupu. Nilikuwa nimemwomba niandamane naye ili niwaone simba wa Seronera, katikati ya hifadhi ya Serengeti. Akanijibu, "Simba kesho. Leo ni zamu ya mbwa."

Kijijini tulikuta foleni imeshajipanga chini ya mwembe. Wengi walikuwa watoto. Huyu kamfunga mbwa wake kwa kamba ya katani, yule kwa waya, mwingine kabeba vitoto viwili vya mbwa ndani ya ndoo. Mimi nilipewa kazi ya kuandika kadi.

"Mbwa wako anaitwa nani?" nilimuuliza binti mmoja.

"Simba."

Hadi adhuhuri nilikuwa nimeliandika jina hilo mara saba. Ni mbwa wa kuchunga na wa kulinda zizi. Usiku fisi akija wanamfukuza hadi porini, na mzoga wakiukuta wanaugombania pamoja. Hapo ndipo maradhi yanapohama kutoka mnyama mmoja hadi mwingine.

Mzee mmoja alimshika binamu mkono. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, sindano ya kichaa cha mbwa naielewa, kuna mtoto hapa alishang'atwa. Hii nyingine ya nini?"

"Ya distempa, babu, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Ni ndugu ya surua, tena ni ndugu ya sotoka ya ng'ombe."

Kusikia sotoka, mzee akanyamaza kidogo. "Hiyo baba yangu aliisimulia. Zizi zima."

Hiyo hiyo sotoka ilikuwa ikiwaua nyumbu pia. Ng'ombe walipochanjwa kuizunguka Serengeti, nyumbu wakaongezeka kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakuna aliyemdunga nyumbu sindano hata mmoja. Habari hiyo ilinigusa kuliko yote niliyoyasikia safarini, na nilipomtazama yule binti akimshika Simba wake masikio ili asitikisike, nilimwona anafanya kazi kubwa.

Kesho yake tuliingia kwa lango la Ikoma. Karibu na Seronera tuliwakuta simba jike watano chini ya mgunga, na watoto wao wakichezea mikia. Binamu alizima gari, akaanza kusimulia kwa sauti ya chini.

Februari 1994, watalii waliokuwa angani kwenye puto walimwona simba dume chini yao akitetemeka na kujinyonganyonga, degedege kabisa. Ndani ya miezi michache, katika simba wapatao 3,000 wa Serengeti, karibu theluthi moja walikufa. Ugonjwa ukavuka hadi Maasai Mara, ukawapata na fisi na bweha masikio. Damu na viungo vilipopimwa, ikaonekana ni distempa, na macho yakageukia maelfu ya mbwa wa vijijini ambao hawakuwa wamechanjwa.

Lakini distempa ilikuwa imewahi kupita kwa simba kabla ya hapo bila kuua. Kwa nini safari hii? Mwaka 1993 ukame ulikuwa mkali. Nyati walidhoofu, kupe wakawajaa, na simba wakawala nyati hao kwa wingi. Kupe wakawapa simba babesia, kidudu cha damu ambacho mwili wenye nguvu hukivumilia. Distempa ikaja ikaivunja kinga, babesia ikapata mwanya. Mwaka 2001 yakajirudia kwa simba wa kreta ya Ngorongoro.

Niliuliza kama basi chanjo za jana zinatosha. Alitikisa kichwa. Mbwa wamechanjwa kwa miaka mingi, na bado virusi vimeonekana kwa simba. Porini kuna wanyama wengine wanaovibeba. "Ila kila mbwa aliyechanjwa ni mlango mmoja umefungwa," alisema, "na kichaa nacho hakimfikii mtoto."

Simba jike mmoja aliinuka, akajinyoosha, akatazama upande wa mtoni walikokuwa nyati. Binamu naye aliwatazama nyati wale kwa darubini muda mrefu, mbavu zao, ngozi zao, kisha nyasi. Zilikuwa bado kijani.

Akawasha gari. Barafu ilikuwa inayeyuka, na vijiji viwili vilikuwa vimebaki.